Kompyuta Haichori Peke Yake: Ujuzi wa Mwalimu wa Uchoraji wa Kiufundi na Maslahi ya Wakazi

(Mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa kata kuhusu huduma za mafunzo ya ufundi stadi)



Darasa la shule ya msingi, zahanati, kalvati la barabara ya kijiji na nyumba ya mkazi aliyejinyima miaka kumi ili ajenge, vyote huanza kama mistari juu ya karatasi. Kabla jiwe la kwanza la msingi halijalazwa, yupo mtu aliyekwisha kuamua unene wa ukuta, upana wa mlango, mwinuko wa paa na mahali litakapokaa shimo la maji taka. Mtu huyo ni mchoraji, na nyuma ya kila mchoraji yupo mwalimu aliyemfundisha.

Mada hii inamhusu mwalimu huyo. Inaeleza ujuzi anaopaswa kuwa nao katika zama hizi ambapo michoro mingi huchorwa kwa kompyuta, na sababu ya jambo hilo kumgusa mkazi ambaye pengine hajawahi kuingia katika darasa la ufundi.

Kutoka ubao hadi skrini

Kwa miaka mingi somo la uchoraji wa kiufundi lilifundishwa kwa ubao wa kuchorea, rula ya T, pembetatu, bikari na penseli iliyochongwa vizuri. Mwanafunzi alijifunza kuiheshimu karatasi, kwa kuwa kosa moja liliweza kumrudisha mwanzo.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisoma katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, aliwasilisha programu aliyoiita Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Mashine za wakati ule zilikuwa kubwa na ghali, hivyo jambo hilo lilibaki mikononi mwa wachache. Mwaka 1982 kampuni ya Autodesk ilitoa programu ya AutoCAD, iliyoweza kutumika katika kompyuta ndogo ya mezani. Tangu hapo uchoraji kwa kompyuta ulianza kuingia katika ofisi za kawaida za wahandisi na wabunifu majengo.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na walimu wa fani hizo huandaliwa katika Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na utekelezaji wa mitaala mipya ulianza mwaka 2024. Maana yake ni kwamba watoto wengi zaidi watasoma fani za ufundi, na wengi wao watamhitaji mwalimu anayejua kuchora na kuwafundisha wengine kuchora.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwalimu aliyefuzu zama za ubao na penseli ametakiwa afundishe kwa chombo ambacho yeye mwenyewe hakufundishwa nacho. Anasimama mbele ya vijana waliokulia na simu za mkononi, ambao vidole vyao vinakimbia kuliko vyake. Mwalimu mwenye miaka ishirini ya kazi hukuta heshima yake imo mizani kwa sababu ya kipanya na vitufe. Wapo wanaojitahidi usiku kwa usiku hadi wakamudu. Wapo pia wanaoandika amri za programu ubaoni kwa chaki, wanafunzi wakainakili katika daftari, na kompyuta zikabaki zimefunikwa vitambaa. Mwalimu wa namna hiyo hastahili kebehi. Anachostahili ni kupewa nafasi ya kujifunza.

Kosa dogo, hasara kubwa

Huenda mkazi akauliza: jambo hili linanihusu nini? Mifano miwili itatosha kumjibu.

Mfano wa kwanza ni wa uchapaji. Mchoro wa nyumba umeandaliwa kwa skeli ya 1:100 katika karatasi ya ukubwa wa A3. Katika skeli hiyo, chumba cha mita 4 huonekana kwa urefu wa milimita 40. Mchoraji hana printa ya A3, kwa hiyo anauchapa katika karatasi ya A4 na kuiacha mashine iupunguze mchoro ili uenee. Hakuna mstari uliopotea na mchoro unapendeza, lakini skeli imevunjika. Kile chumba cha milimita 40 sasa kina milimita 28. Karatasi ikifika kwa fundi, na kipimo cha chumba kikawa hakikuandikwa, fundi atachukua rula, atapima na kuhesabu mita 2.8. Mwenye nyumba ataingia ndani siku moja na kitanda chake, ndipo atakapogundua kwamba amepoteza zaidi ya mita nzima.

Mchoraji aliyefundishwa vyema hawezi kuruhusu hayo. Anajua kwamba katika kompyuta jengo huchorwa kwa ukubwa wake halisi, na skeli huchaguliwa wakati wa kupanga karatasi ya kuchapwa. Anaandika vipimo vyote muhimu ili fundi asilazimike kupima kwa rula. Anaweka pia mstari wa skeli pembeni mwa mchoro, ambao hupungua au kukua pamoja nao, hivyo karatasi iliyopunguzwa hujifichua yenyewe.

Mfano wa pili ni wa vipimo. Mafundi wengi wa mitaani huzungumza kwa futi na inchi: tofali la inchi sita, chumba cha futi kumi na mbili kwa kumi na mbili. Michoro rasmi huandikwa kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na futi kumi na mbili ni milimita 3,658 kwa kukadiria. Faili likiwa limeandaliwa kwa inchi, kisha likafunguliwa kama la milimita pasipo kugeuzwa, kila kitu hupungua mara 25.4. Kosa kubwa kiasi hicho huonekana mara moja. Hatari zaidi ni pale mchoraji anapolirekebisha kwa kukisia, akavuta mchoro hapa na pale mpaka ufanane na jengo, kisha akaandika namba kwa mkono juu ya vipimo ambavyo programu imevihesabu. Kuanzia hapo maandishi husema jambo moja na mistari husema jingine. Nondo zitakatwa kwa kufuata kimoja na zege litamwagwa kwa kufuata kingine.

Makosa haya hayatokani na kompyuta, kwa maana kompyuta hutii ilichoamriwa. Yanatokana na darasa ambamo mwanafunzi alifundishwa kubofya, na hakufundishwa maana ya anachokibofya.

Ujuzi anaohitaji mwalimu

Watu hudhani kwamba mwalimu akishajua amri za programu amekamilika. Ukweli ni kwamba anahitaji ujuzi wa aina nne, nao huenda pamoja.

Wa kwanza ni misingi ya uchoraji wenyewe. Kitu kimoja huonyeshwa kwa mwonekano wa mbele, wa juu na wa upande, na mpangilio wa mionekano hiyo katika karatasi una kanuni. Katika utaratibu uliozoeleka Ulaya, mwonekano wa juu huwekwa chini ya mwonekano wa mbele. Katika ule wa Marekani huwekwa juu yake. Programu nyingi humwachia mtumiaji achague. Mwalimu asiyeielewa tofauti hiyo huiachia programu imchagulie, na mwanafunzi wake atakwenda kiwandani kutengeneza kipuri kilichogeuka upande.

Wa pili ni matumizi ya programu kwa utaratibu wa kazi. Mchoro mzuri hupangwa kwa matabaka: kuta katika tabaka lake, milango na madirisha katika lake, umeme katika lake, mabomba katika lake. Mhandisi wa umeme akilifungua faili, anaweza kuficha yasiyomhusu na kuona yanayomhusu. Unene wa mistari nao una maana: ukuta uliokatwa huchorwa kwa mstari mnene, mstari wa kipimo huwa mwembamba, na kilichofichika huonyeshwa kwa mstari wa vipande. Haya yote mwalimu huyafundisha kwa kuyatenda mbele ya wanafunzi, hatua kwa hatua.

Wa tatu ni utunzaji wa kazi. Umeme hukatika. Mwanafunzi ambaye hakufundishwa kuhifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache hupoteza saa tatu kwa sekunde moja. Flashi inayozunguka kutoka kompyuta hadi kompyuta hubeba virusi. Faili lililopewa jina la “mchoro mpya” halitapatikana mwezi ujao miongoni mwa mafaili arobaini yenye jina hilohilo.

Wa nne, unaosahauliwa kuliko yote, ni ujuzi wa kufundisha na kusahihisha katika mazingira ya kompyuta. Katika ubao wa kuchorea, mwalimu alimtambua kila mwanafunzi kwa mwandiko wa penseli yake. Katika kompyuta, kazi ya mmoja hunakiliwa kwa sekunde chache, jina likabadilishwa, ikawa kazi ya watu kumi. Isitoshe, mchoro uliochapwa unaweza kuficha uozo: mistari miwili ionekane imekutana pembeni ilhali ndani ya faili imeachana, au kipimo kiwe kimeandikwa kwa mkono badala ya kupimwa na programu. Mwalimu anayesahihisha karatasi peke yake hatayaona hayo. Hana budi kulifungua faili, kupima mwenyewe kuta mbili tatu, kukagua matabaka, kisha kumwita mwanafunzi na kumwambia, “Sogeza dirisha hili nusu mita kuelekea mlangoni.” Aliyechora ataweza, na aliyenakili atajulikana.

Je, penseli itupwe?

La. Mwanafunzi anapochora kwa mkono mwanzoni hujifunza kuona. Hukaa na kona ya nyumba akilini mwake na kujiuliza paa linakutanaje na ukuta, kenchi inakaa wapi, maji ya mvua yatapita wapi. Aidha, fundi akiwa juu ya jengo na swali likazuka, mchoraji hujibu kwa penseli juu ya kipande cha karatasi, hata juu ya ubao wa shata.

Utaratibu wenye manufaa ni kuanza kwa mkono katika wiki za mwanzo, kisha kuhamia katika kompyuta mwanafunzi akiwa tayari anajua anachokitafuta. Hapo mwalimu mkongwe huwa na hazina ambayo kijana mwenye vidole vyepesi hana. Vyuo vinavyomwoanisha mwalimu wa miaka mingi na mwalimu kijana, mmoja akatoa kanuni za uchoraji na mwingine wepesi wa programu, hupata faida pande zote mbili na hakuna anayeaibika.

Kompyuta kwanza au mwalimu kwanza?

Fedha zikipatikana, jambo la kwanza kufikiriwa huwa ni kununua kompyuta. Kompyuta huonekana, hupokelewa kwa hafla na kupigwa picha. Mafunzo ya mwalimu hayapigiki picha kirahisi. Matokeo yake ni vyumba vyenye mashine nzuri na mlango wenye kufuli, ambavyo mwalimu wa uchoraji huingia kwa saa mbili kwa wiki, tena mwenye ufunguo akiwapo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kozi fupi ya siku tano pekee nayo haitoshi. Mwalimu hurudi na cheti, akakaa miezi mitatu bila kugusa programu, na alichojifunza kikafifia kama wino uliomwagiwa maji. Ujuzi wa mkono hudumu kwa kurudiwa. Saa tatu kila wiki kwa mwaka mzima, mwalimu akiwa na kompyuta anayoweza kuitumia hata baada ya vipindi, humjenga kuliko siku tano za semina. Tena hujengeka zaidi akiwa na kazi ya kweli: kupima majengo ya chuo chake na kuyachora yote, kuchora meza zinazotengenezwa katika karakana ya useremala, kuandaa michoro ya mageti kwa ajili ya karakana ya uchomeleaji. Mwalimu wa useremala akimrudishia mchoro na kumwambia kwamba ungo la meza halikutosha, amepata somo ambalo hakuna kitabu kingempa.

Kwa hiyo, penye fedha za kompyuta ishirini, ni busara kufikiria kompyuta kumi na tano, na kiasi kinachobaki kielekezwe katika mafunzo endelevu ya walimu, vifaa vya kulinda mashine dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na printa ya A3. Wanafunzi wawili wakishirikiana mashine moja chini ya mwalimu anayejua watafika mbali kuliko kila mmoja na yake chini ya mwalimu anayebabaika.

Programu na gharama zake

Wapo wanaodhani kwamba pasipo mamilioni ya leseni hakuna uchoraji wa kompyuta. Autodesk huwapa walimu na wanafunzi programu zake bila malipo kwa ajili ya masomo, kwa masharti ya kuthibitisha kwamba wako chuoni. Haziruhusiwi kutumika katika kazi za kulipwa. Zipo pia programu huria, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia bila malipo hata kwa kazi za biashara: LibreCAD kwa michoro bapa, na FreeCAD kwa maumbo yenye urefu, upana na kimo. Kompyuta za kawaida huzimudu LibreCAD bila shida.

Programu zilizoibwa, zinazouzwa kwa flashi mitaani, ni njia ya mkato yenye miiba. Huja na virusi, na kuzitumia ni kukiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwalimu anayefundishia programu ya wizi amekwisha kumfundisha mwanafunzi somo jingine ambalo halimo katika mtaala.

Wajibu na haki ya mkazi

Mzazi anayempeleka kijana wake chuoni kusomea uchoraji au ujenzi ana haki ya kuuliza, kwa adabu na bila woga, maswali haya:

1. Mwanafunzi hukaa mbele ya kompyuta saa ngapi kwa wiki, na wangapi hutumia mashine moja?
2. Mwalimu wa uchoraji alipata mafunzo ya programu lini, na ana kompyuta ya kufanyia mazoezi?
3. Kazi za wanafunzi husahihishwa ndani ya faili au katika karatasi peke yake?
4. Je, mhitimu huondoka na mkusanyiko wa michoro yake, ya mkono na ya kompyuta, wa kumwonyesha mwajiri?

Kuuliza si ujinga. Chuo kinachoulizwa hujipanga, na mwalimu anayejengewa hoja na wazazi hupata nguvu ya kuomba mafunzo. Maswali hayo yanaweza pia kuwasilishwa kwa diwani na kujadiliwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ili vipaumbele vya elimu ya ufundi visiishie katika idadi ya mashine.

Mkazi anayejenga naye ajilinde. Apokeapo mchoro, atazame kama vipimo vyote vimeandikwa, kama skeli na ukubwa wa karatasi vimetajwa, na kama mstari wa skeli upo. Apate kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi, na michoro inayohitaji kuidhinishwa na mtaalamu aliyesajiliwa ipitie kwake. Mhitimu wa chuo cha ufundi ni msaidizi muhimu wa mbunifu majengo na mhandisi. Hachukui nafasi yao.

Kwa vijana, uchoraji kwa kompyuta ni kazi inayoanza kwa mtaji mdogo. Haihitaji misuli, hivyo milango yake iko wazi kwa wasichana na wavulana, na kwa kijana mwenye ulemavu wa miguu aliyeambiwa kwamba ufundi haumfai. Vikundi vyenye sifa vinaweza kuulizia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Ndugu wananchi, kompyuta iliyonunuliwa leo itachakaa baada ya miaka michache na kubadilishwa. Mwalimu aliyefundishwa vyema atafundisha makundi ishirini ya vijana kabla ya kustaafu, na kila kijana atachora nyumba, madarasa na zahanati ambazo watu watalala, watasoma na kujifungulia ndani yake. Fedha inayomfuata mwalimu huyo hukaa katika kuta za kata kwa muda mrefu.